Iko Muntu

Nkambo alikataa fimbo, akachukua rakleti.

Rakleti ni ule mpini mrefu wenye mpira chini, wa kusukumia maji sakafuni. Nadhani hakuna nyumba Lubumbashi isiyo nayo. Mjomba wangu alikuwa amemletea mama yake fimbo nzuri ya mti mweusi, yenye kishikio kilichopinda kama shingo ya bata. Nkambo aliipokea kwa mikono miwili, akaisifu, akaiegemeza nyuma ya kabati, na tangu hapo sijaiona tena. Fimbo, alisema, ni kitu cha wazee. Asubuhi iliyofuata nilimkuta akivuka sebule polepole, ameegemea rakleti, na sakafu ilikuwa kavu kabisa.

"Nkambo, unaenda wapi?"

"Kupanguza mayi."

"Mayi gani? Hakuna mayi."

"Ile yenye itakuya."

Ilikuwa msimu wa mvua, kwa hiyo nilimpisha.

Nkambo, kwetu, ndilo jina la mzazi wa mzazi wako, awe mwanamke au mwanamume. Huyu ni mama wa mama yangu. Ni mjane, anaishi Makomeno katika nyumba ambayo marehemu mume wake aliijenga, na tangu mtoto wake wa mwisho aolewe anaishi humo peke yake, kama tutakubali kwamba mtu ambaye nyumba yake haipitishi saa moja bila mgeni anaishi peke yake. Mimi nilihamia kwake baada ya yeye kuanguka. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimepeleka maombi ya kazi kila mahali, na nilikuwa nasubiri majibu. Familia ilipokaa kuuliza nani atakayelala kwa Nkambo, wote walinitazama mimi, jinsi watu wanavyotazama kiti pekee kilicho wazi.

Alianguka katika msimu wa bowa, ule uyoga wa porini unaoletwa mjini kutoka njia ya Kasomeno. Jiko lake liko nyuma, katika kijumba cha uani, na kati ya mlango wa nyuma na uani kuna ngazi tatu za saruji. Mume wake alizijenga kwa mikono yake mwenyewe, na ndiyo maana hakuna mbili zinazolingana kimo. Nkambo alikuwa akishuka na beseni la bowa waliooshwa tayari. Ngazi ilikuwa imelowa. Jirani aliyesikia kishindo, na ndiye aliyempigia mjomba wangu simu, alimkuta ameketi chini, mguu mmoja huku na mwingine kule, akiuliza kama bowa walikuwa wamemwagika. Hakuvunjika mfupa. Nyonga ilivimba, ikageuka rangi ya bilinganya, kisha ya embe, kisha ikarudi kuwa nyonga. Lakini mwendo wake ulibaki wa mtu anayeuliza ardhi ruhusa.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, anaishi Kipushi. Si mtu mbaya. Ni mtu anayempenda mama yake kwa sauti ya juu. Nyumba yake imekaa chini bapa, haina ngazi hata moja, na tayari alikuwa ameshapaka rangi chumba cha nyuma na kununua godoro. Walizungumza mbele yangu, yeye amesimama, mama yake ameketi.

"Mama, utakuya kwangu."

"Eyo, nitakuya kukusalimia."

"Kukaa, mama."

"Kusalimia."

"Mama, nasema kukaa!"

"Na mi nasema, utanipikia nini siku nitakuya kukusalimia?"

Mwishowe alinigeukia mimi, kwa sababu mimi sikuwa mama yake. Akasema atakuja na kamyoneti, gari lake dogo la mizigo, siku ya posho kabla ya Pasaka. Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Wazee waliiita hivyo enzi za kugawiwa posho kazini, na sisi tumeendelea na jina hilo. Akikuta ngazi zile zina kitu cha kushika, mama yake abaki. Akizikuta kama zilivyo, atampakia yeye na kitanda chake.

"Sitangojea simu ya jirani mara ya pili," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Alipoondoka nilimuuliza Nkambo kama kweli Kipushi ni pabaya hivyo. Si mbali. Mtu anaenda na kurudi kabla maharage hayajaiva.

"Si pabaya," alisema. "Mais kule mi niko mama ya bwana moja. Hapa niko mimi."

Basi nikaanza kazi. Sijui kama niliifanya vizuri, lakini niliifanya mfululizo. Nyumba ambayo nilikuwa nimeijua tangu utoto ilibadilika machoni pangu ikawa mkusanyiko wa mitego. Zulia dogo la mlangoni lilikuwa mtego. Kigoda cha jikoni kilikuwa mtego, na mbabula, lile jiko la makaa, lilikuwa mitego miwili: wa moto na wa kuinama. Nilikunja zulia nikaliweka juu ya kabati. Baada ya chakula cha mchana nilikuta limerudi mlangoni, na sikuthubutu kuuliza limeshukaje, kwa sababu jibu lolote lingeninyima usingizi. Niliwaza hata juu ya kuku wa jirani, ambaye angeweza kupita mbele ya miguu yake kwa haraka. Kuku yule hakuwahi kupita mbele ya miguu ya mtu kwa haraka. Alikuwa kuku mnene.

Nkambo alinistahimili kwa njia ya utani, na utani huo una desturi yake. Kwetu mjukuu wa kike ni bibi mudogo, yaani mke mdogo, wa babu yake, kwa maneno tu, ya kuchekesha. Kwa hiyo bibi na mjukuu ni wake wenza, na wake wenza wana haki ya kusemana. Babu yangu alifariki kabla sijajua kusoma, lakini picha yake iko sebuleni, na kila nilipomchosha Nkambo alinishitaki kwake.

"Bwana yangu," angesema akiielekea picha, "ona huyu bibi yako mudogo. Amefika jana, leo anataka kuniongoza mu nyumba yangu. Ulimuchagua wapi?"

"Alinichagua kwa uzuri," ningejibu.

"Eh! Basi alianza kupoteza macho mapema."

Mahali nilipomchosha zaidi palikuwa bafuni. Mlango wa bafu lake haujapata komeo tangu zamani, na katika nyumba kama hiyo kuna utaratibu ambao kila mtu Lubumbashi anaujua: aliye nje anauliza, "Iko muntu?", na aliye ndani anajibu, "Iko muntu!" Ni maneno ya kumzuia mtu asiingie. Mimi niliyageuza kuwa kipimo cha uhai. Maji yakinyamaza kidogo tu, nilikuwa mlangoni.

"Iko muntu?"

"Iko muntu!"

Nilienda mpaka sebuleni, nikasikia sabuni imeanguka. Nikarudi.

"Nkambo, iko muntu?"

"Iko muntu, iko na sabuni mu macho, na anaanza kukasirika!"

Jirani wa upande wa pili wa ukuta alicheka mpaka akakohoa. Baadaye alipita kunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho Nkambo anakitengeneza vizuri kuliko mtu yeyote mtaani, akanisalimia: "Iko muntu?" Kwa muda hilo ndilo lililokuwa jina langu Makomeno.

Yalibaki mambo ya ngazi. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa na karakana yake barabara mbili kutoka kwetu, mtu wa makamo, Mwislamu, mjukuu wa wafanyabiashara wa Maniema, maarufu kwa malango yenye maua. Nilipima ngazi kwa kamba, nikafunga fundo mahali pa urefu na fundo jingine mahali pa kimo. Kamba ilikuwa sehemu rahisi. Sehemu ngumu ilikuwa maneno.

Sipendi kufika mbele ya mtu bila sentensi iliyo tayari. Nikiwa nyumbani niliitunga: Papa, Nkambo wangu alianguka kwenye ngazi, ni mzee, tunataka vyuma vya kushikilia asianguke tena. Ilikuwa sentensi nzuri. Kama ningeisema hivyo, nisingekuwa na cha kuandika hapa. Lakini karakana ilikuwa barabara mbili, na barabara mbili kwangu ni nafasi ya kutosha kuharibu sentensi yoyote. Barabara ya kwanza niliwaza kwamba "alianguka" ni neno baya, linaweza kusikika kama ninalialika tena. Nikaliondoa. Kisha "mzee": Nkambo mwenyewe amelikataa, mimi ni nani wa kumtangaza kwa fundi? Nikaliondoa. "Ngazi" nazo zilinikumbusha lile beseni, nikaziondoa. Nilipofika nilikuwa nimebaki na maneno mazuri matupu, na sauti ya chini ya heshima.

"Papa," nilisema, "nakuja kwa ajili ya Nkambo wangu. Tunataka kumutengenezea mahali pake muzuri, apumuzike bila mashaka. Bintu bya chuma, pande mbili. Bya heshima."

Fundi alizima mashine. Akavua miwani ya kazi, akavua na kofia.

"Pole sana, mwanangu."

Nilishangaa kwa furaha. Mtu wa ajabu huyu, niliwaza, ameelewa yote bila mimi kulitaja lile neno.

"Ilikuwa lini?" aliuliza.

"Wakati wa bowa."

"Aliteseka sana?"

"Kidogo tu. Hakulalamika."

"Alhamdulillahi. Na nyinyi ni bantu ba kanisa?"

"Ba kanisa kabisa. Nkambo na kwaya, hakuna wa kumutenganisha nayo."

Akatikisa kichwa taratibu, akaichukua kamba, akaivuta kati ya mikono yake. "Iko murefu kidogo," alisema.

"Nkambo si mufupi," nilijibu.

"Naona. Jina mutaandika nyinyi wenyewe kisha?"

Nilidhani ni jina la mteja, la kuandika kwenye risiti. Nikasema ndiyo, kisha, haina neno. Nikamwambia siku ya posho asubuhi, kwa sababu mjomba wangu anakuja kuona. Akasema ameelewa, kazi hii ataifanya kwa mkono wake mwenyewe, nisiwe na wasiwasi wowote. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nazungumza na mtu nisiyemjua bila kurudia mazungumzo yote kichwani baadaye nikitafuta kosa.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikaacha. Uani kulinukia udongo na makaa. Nkambo aliketi kwenye kiti cha plastiki juu ya ngazi, rakleti imeegemezwa ubavuni, akichambua lenga-lenga kwa ajili ya chakula cha mchana. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Nilijua kwa nini: kama ni kupakiwa, apakiwe akiwa amependeza.

Fundi aliingia kwa lango la pembeni akisukuma kigari, na juu ya kigari kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa kwa magunia. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Hilo lilinitia mashaka kidogo, mtu kuja kufunga vyuma na kanzu nyeupe, lakini niliwaza labda anatoka mahali. Alimwona Nkambo, akasimamisha kigari, akainamisha kichwa.

"Jambo, mama. Poleni kwa musiba."

"Jambo, papa. Aksanti," alisema Nkambo, ambaye hapokei maneno mazuri bila kushukuru. Kisha akaacha kuchambua. "Musiba gani?"

"Ya Nkambo."

"Nkambo ya nani?"

"Ya huyu binti."

Nkambo alinitazama. Akamtazama fundi. Akaweka jani la lenga-lenga kwenye sahani, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Papa," alisema, "Nkambo ya huyu binti njo mimi."

Fundi aliinua ncha ya gunia, nadhani kwa kutojua mikono yake ifanye nini, na gunia likateleza chini lote.

Nimeona vyuma vingi Lubumbashi, mji unaojua vyuma, lakini sijaona vilivyofanana na vile. Viuzio viwili vyenye rangi ya fedha, virefu, vya kimo cha kiuno, vimepambwa kwa mizabibu iliyosokotwa na majani madogo yaliyokatwa moja moja. Na kwenye kichwa cha kila kimoja ulisimama msalaba, na katikati ya msalaba, ua. Chini ya msalaba mmoja kulikuwa na kibao kidogo, kitupu, chenye pembe laini. Mahali pa jina.

Alikuwa ametengeneza kaburi. Kaburi zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona.

"Astaghafirullah," alisema fundi. "Mama, pardon. Binti alisema mahali pake. Alisema apumuzike. Mi si muntu wa musalaba, mama, niliomba jirani anionyeshe vipimo ili nisikosee…"

Sikuweza kuinua uso. Kwa haraka ile ambayo kichwa changu hukimbia nayo, nilikuwa nimeshafika mbali: mtu hapaswi kuonyeshwa kaburi lake, Nkambo ataumia moyo, moyo utamshinda, na mimi niliyeletwa hapa ili asife nitakuwa nimemuua, tena kwa adabu nzuri.

Kisha nikasikia rakleti ikigonga ukuta. Nkambo alikuwa ameishika na ilikuwa ikitetemeka, kwa sababu mabega yake yalitetemeka. Kicheko chake huanza hivyo, bila sauti, kama maji kabla ya kuchemka. Kilipotoka, lenga-lenga lilimwagika chini.

"Bwana yangu!" alipaza sauti kuelekea sebuleni, kwenye picha. "Bwana yangu, unasikia? Bibi yako mudogo amenizika! Anataka abaki na weye peke yake!"

"Nkambo, nisamehe…"

"Na mi niko nachambua mboga! Papa, hauone? Hata kaburi haijangojea nikule!"

Fundi alijaribu kubaki na huzuni aliyokuja nayo, lakini haikudumu. Aliketi kwenye ukingo wa kigari, kanzu nyeupe na yote, akafunika uso kwa kofia, akacheka mpaka magurudumu yakasogea. Nami, ninakiri, nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja, na sikujua lipi limeanza.

Ndipo honi ikapigwa langoni.

Nilirukia magunia. Nilikuwa nimefunika nusu ya msalaba mmoja wakati mjomba alipoingia uani, funguo za kamyoneti mkononi. Aliona vyuma. Aliona misalaba. Aliona mama yake anajifuta machozi.

"Hii ni nini?"

"Kaburi yangu," alisema Nkambo, bado hana pumzi.

Nilimweleza. Fundi naye alimweleza. Tulieleza pamoja, kila mmoja akijilaumu, na kadiri tulivyoeleza ndivyo uso wa mjomba ulivyozidi kufungwa. Hakucheka. Nilielewa baadaye kwamba tangu siku ya ile simu ya jirani alikuwa ameliona kaburi hilo kila usiku, na sasa amelikuta uani, limepakwa rangi.

"Bon. Imetosha," alisema. "Mama, leta bintu byako. Tunaenda."

"Tunaenda wapi?"

"Mama, tafazali."

Alipanda ngazi, akampita, akaelekea chumbani, na nilimsikia akivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Niliwaza kwamba imekwisha. Nilianza hata kutunga sentensi ya kumwomba Nkambo msamaha, na kama kawaida niliiharibu kabla haijatoka.

Nkambo hakuwa akitunga chochote. Alisimama.

"Bibi mudogo, shika ya huku. Papa, we shika ya kule. Musimamishe kwa nguvu."

Tulivishusha vile viuzio kutoka kwenye kigari, vizito ajabu, tukavisimamisha kila kimoja upande wake wa ngazi. Mimi nilikumbatia msalaba wangu, fundi akakumbatia wa kwake. Mjomba alitokea mlangoni na sanduku. Nkambo akamkabidhi rakleti.

"Nishikie."

Akaipokea, kama mtoto anayepokea anachopewa na mama yake, bila kuuliza. Nkambo aliweka mkono wa kulia kwenye chuma, na wa kushoto kwenye chuma, akashuka.

Alishuka kama mtu anayeenda uani kwake. Mguu huu, mguu ule. Tangu msimu wa bowa nilikuwa nimeona mguu mmoja ukishuka na mwingine ukiufuata kwa woga na kusimama karibu yake. Nilikuwa nimesahau kwamba miguu ya Nkambo inajua kupishana. Alifika chini, akageuka kwa madaha, kitenge kikazunguka, akapanda. Akashuka tena. Mara hii aliimba kidogo, wimbo wa kwaya, ule wa kuingilia kanisani. Mikono yangu iliuma, na nisingekiachia chuma kile hata kwa kuitwa kazini siku hiyo hiyo.

Mjomba alikuwa bado na sanduku mkono mmoja na rakleti mkono mwingine.

"Na kama chuma inatoka?" aliuliza, si kwa hasira tena.

"Ikiisha kuingia mu beto ya saruji, haitoke," alisema fundi kutoka nyuma ya msalaba wake. "Labda nyumba itoke pamoja nayo."

"Na hii misalaba?"

"Nakata sasa hivi. Sasa hivi, papa."

"Moja uikate," alisema Nkambo. "Ingine uiache. Nitaanikia kitambaa ya sahani." Kisha akamsogelea mwanawe, akamrekebisha kola ya shati, ambayo haikuwa na tatizo. "Sikia, mwanangu. Kaburi yangu imefika hapa Makomeno. Unipeleke ku Kipushi, kisha siku moja unirudishe tena huku? Utachoma mafuta bure."

Mjomba alikaza midomo. Nilimwona anapigana. Alitazama juu, akatazama kuku mnene wa jirani, akatazama rakleti aliyoishika kama mlinzi wa ikulu, na hapo ndipo aliposhindwa. Anacheka kama mama yake, mabega kwanza. Sanduku lilimponyoka likafunguka, na likawa halina kitu ndani. Nkambo hakuwa amefungasha hata leso.

"Saruji iko wapi?" mjomba aliuliza alipopata sauti.

Nilikuwa nimewaza juu ya zulia, kigoda, kuku, na maana ya kila neno la lugha yetu. Saruji haikuwa imenijia.

Kwa hiyo kamyoneti iliyokuja kuchukua kitanda cha Nkambo ilienda kuchukua mfuko wa saruji na mchanga. Mjomba alivua shati akachanganya mwenyewe. Fundi alikunja kanzu kiunoni, akatoboa, akasimamisha, akapima kwa jicho, huku jirani akimletea munkoyo na kumwuliza ni maiti gani huyu anayetoa amri nyingi hivyo. Kwa maana Nkambo aliamuru kila kitu: kushoto kidogo, hapana, upande ya mukono wa kuandika, we bibi mudogo, angalia bukari isiungue. Tulikula uani, bukari, yaani ugali, na lenga-lenga na bowa waliokaushwa, wa mwisho wa msimu. Fundi aliambiwa kwamba kwenye matanga watu hula, na kwa kuwa alikuja kwenye matanga, hawezi kuondoka bila kula mara mbili.

Saruji haikutakiwa kuguswa mpaka kesho yake, na Nkambo alikuwa upande wa uani. Jioni mjomba alimwinua mikononi, akamvusha juu ya zile ngazi tatu bila kugusa chuma.

"Njo vile ulitaka kunipakia," Nkambo alimwambia sikioni, kwa sauti ambayo wote tuliisikia.

"Eyo, mama."

"Ulikuwa unafikiri niko mwepesi?"

"Nilikuwa nafikiri uko mwepesi, mama."

Alimweka sebuleni, mbele ya picha, akarudi Kipushi na sanduku tupu. Nkambo alimwambia akaliweke katika chumba kile cha nyuma, limngojee siku atakapokwenda kusalimia.

Kibao kilibaki kitupu kwa muda. Kisha asubuhi moja Nkambo alinipa brashi na kopo la rangi iliyobaki, akaniambia niandike. Niliuliza niandike nini, nikaanza kupendekeza: jina lake, au jina la babu, au labda… Alinikatiza kabla sijafika barabara ya pili. Aliniambia maneno mawili, nikayaandika kwa herufi kubwa, naye akasimama chini ya ngazi, mkono kwenye chuma, akayasoma kwa sauti na kuridhika.

Sasa nimepata kazi mjini, ya mchana. Rakleti imerudia kazi yake ya maji. Mjomba hupiga simu kila asubuhi; hasemi "Jambo", hasemi "Habari". Anasema, "Iko muntu?" na Nkambo anamjibu kwa ukali mkubwa kwamba iko. Mimi nikirudi jioni napitia lango la pembeni, napita kando ya kitambaa cha sahani kilichoanikwa msalabani, na ijapokuwa nasikia masufuria, ijapokuwa nanusa makaa, bado moyo unataka uhakika wake.

"Nkambo? Iko muntu?"

"Mbele yako kumeandikwa nini?" anaitikia kutoka jikoni. "Ao ile diploma haikukufundisha kusoma?"